Minazi, Mapou na Ndege: Historia ya Kurudisha Msitu wa Kisiwa cha Cousin

Cousin ni kisiwa kidogo cha mawe ya matale katika nchi ya Shelisheli, karibu kilomita 2 kutoka kisiwa kikubwa cha Praslin. Eneo lake halifiki hekta 30, na kilima chake kina urefu wa mita 69 tu. Mwaka 1968 hapakuwa na mahali pengine popote duniani alipoishi ndege mmoja mdogo wa rangi ya kahawia hafifu, ambaye wenyeji humwita kwa Krioli timerl dezil, na wataalamu humwita Acrocephalus sechellensis. Waliohesabiwa mwaka huo walikuwa 26. Leo ndege huyo anaishi katika visiwa 5 na anahesabika kwa maelfu. Aliokolewa kwa kazi ya mimea: minazi iling'olewa, msitu wa asili ukaachwa umee, na uamuzi wa mti upi ubaki na upi uondoke ukaendelea kufanywa mwaka hadi mwaka.

Visiwa kabla ya minazi

Visiwa vya matale vya Shelisheli vilikaa bila wakazi wa kudumu hadi Wafaransa walipoanzisha makazi mwaka 1770. Kwa kuwa vilikuwa mbali na bara, na wanyama wawindaji wa bara hawakuwahi kufika, ndege wa huko walizoea kutaga karibu na ardhi, kutembea bila hofu na kuzaa polepole. Timerl dezil ni mfano mzuri wa kuzaa polepole. Kwa kawaida jike hutaga yai 1 tu kwa mara moja, na ndege anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Kiumbe wa namna hiyo hustahimili mwaka mmoja wa njaa, lakini akikatiwa makao yake hana uwezo wa kuzaa haraka na kufidia hasara.

Katika visiwa vidogo, sehemu za bondeni na tambarare za pwani zilifunikwa na miti michache iliyozoea chumvi, upepo na mbolea ya ndege wa baharini. Ulioenea zaidi ni ule uitwao kwa Krioli bwa mapou, yaani Pisonia grandis. Ni mti wenye majani mapana na laini na mbao nyepesi zinazovunjika kirahisi. Tawi likianguka juu ya udongo wenye unyevu huweza kutoa mizizi na kuwa mti mpya. Pamoja na mapou kulikuwa na mitini ya porini, mti wa noni, na ufuoni mitondoo, ambayo Shelisheli huitwa takamaka.

Wanasayansi wa Ulaya walipoanza kuorodhesha ndege wa visiwa hivi, timerl dezil alikuwa tayari na makao machache. Émile Oustalet wa Ufaransa alimwandikia maelezo ya kwanza ya kisayansi mwaka 1877. Zaidi ya Cousin, ndege huyo alijulikana kuwako katika kisiwa cha Marianne na katika Cousine, kisiwa jirani na Cousin. Kote huko alitoweka baadaye.

Enzi ya mbata

Baada ya utumwa kukomeshwa Shelisheli mwaka 1835, mashamba ya pamba na mazao mengine yaliyohitaji watu wengi yalififia. Mnazi ulichukua nafasi yake, kwa sababu ukishapandwa unazaa kwa miaka mingi kwa kazi ndogo. Kuanzia mwaka 1861 meli za kivita za Uingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi zilishusha Shelisheli zaidi ya Waafrika 2,000 waliokombolewa, wengi wao wakiwa wamesafirishwa kutoka mwambao wa Afrika Mashariki. Wengi waliishia kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Mafuta ya nazi, na baadaye mbata, yakawa nguzo ya uchumi wa koloni hadi miaka ya 1960.

Mnazi ulipandwa karibu kila mahali palipokuwa na tambarare, hata katika visiwa vidogo kama Cousin. Athari yake kwa ndege ilitokana na mti wenyewe na pia na jinsi shamba linavyotunzwa. Shamba la minazi hutakiwa kuwa safi chini, ili nazi ikianguka ionekane na kuokotwa. Kwa hiyo wafanyakazi hufyeka kila kichaka na kila mche unaochipua. Juu hubaki makuti, ambayo ni magumu na yana wadudu wachache ikilinganishwa na majani mapana ya miti ya asili. Nazi zisizookotwa nazo huota zilipoangukia, na miche yake huziba nafasi ambayo mti mwingine ungeipata. Hivyo shamba lililoachwa halirudi lenyewe kuwa msitu. Huwa pori la minazi iliyosongamana, lenye giza na lisilo na chakula kwa ndege anayetegemea wadudu wa majani.

Katika visiwa vingine balaa liliongezeka kwa panya na paka walioletwa na vyombo vya wasafiri. Cousin kilibahatika: panya hawakuwahi kukaa huko. Ndiyo sababu, ingawa sehemu kubwa ya kisiwa iligeuzwa shamba, mabaki ya ndege wa asili yaliendelea kuishi katika vipande vya miti na vichaka vilivyosalimika.

Ndege 26

Mwaka 1959 mtaalamu wa ndege kutoka Uingereza, John Crook, alizunguka visiwa vya Shelisheli kuchunguza hali ya ndege adimu wa nchi kavu. Alikuta timerl dezil amebaki Cousin peke yake, na idadi yake haikufika 30. Habari hiyo iliwafikia watu wa Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, ambalo leo linaitwa BirdLife International. Kwa kuwa kisiwa kilikuwa mali ya mtu binafsi na shamba la kibiashara, njia ya hakika ya kulinda ndege ilikuwa kukinunua. Mwaka 1968, kwa msaada wa fedha za WWF, baraza hilo likakinunua Cousin kizima. Mwaka 1975 kisiwa kilitangazwa kisheria kuwa hifadhi maalumu.

Ununuzi huo ulizuia hatari ya msitu uliobaki kufyekwa, lakini haukuongeza hata hekta moja ya makao. Ndege 26 walikuwa tayari wamebanana katika vipande vilivyofaa. Kisiwa kilikuwa salama dhidi ya panya na wawindaji, na bado kisingeweza kulisha ndege wengi zaidi. Wahifadhi wakalazimika kuamua kuhusu minazi.

Kung'oa minazi

Mpango wa Cousin ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Mbali na kuondoa minazi iliyokwisha kukua, ilibidi nazi zilizoota ziokotwe na miche ing'olewe kabla mizizi yake haijashika. Kazi hiyo haifanywi mara moja. Mnazi mmoja unaobaki huangusha nazi mwaka mzima, na kila nazi ni mti mpya. Walinzi wa hifadhi na vibarua kutoka visiwa jirani walipita sehemu kwa sehemu, mwaka baada ya mwaka, wakiutoa mnazi katika utawala wa tambarare.

Hawakulazimika kupanda sana. Mbegu za mapou, noni na mitini zilikuwapo tayari, na ndege wenyewe wakazisambaza. Pale mwanga ulipofika ardhini na palizi ya shamba ikakoma, miche ya asili ikachipua. Mapou ndio uliopiga hatua ya haraka zaidi. Katika muda wa miaka kama kumi, sehemu zilizokuwa mistari ya minazi zikawa msitu mchanga wenye dari ya majani mapana.

Idadi ya ndege ilifuata majani. Mwanzoni ongezeko lilikuwa dogo, kwa sababu msitu ulikuwa bado mchanga. Baadaye liliongeza kasi, na ilipofika karibu mwaka 1982 ndege walikuwa wapatao 320. Kuanzia hapo idadi haikupanda tena. Kisiwa kilikuwa kimegawanywa chote katika himaya za jozi za ndege, na kila himaya ilikuwa na wenyewe. Kukoma huko kulionyesha kwamba kilichokuwa kimewazuia timerl dezil kuongezeka kilikuwa mimea: ilipopanuka waliongezeka, na ilipojaza kisiwa wakafika kikomo.

Majani, wadudu na vifaranga

Kuanzia mwaka 1985 mtafiti Mholanzi Jan Komdeur alianza kufuatilia ndege hao mmoja mmoja. Kila ndege alivishwa pete za rangi miguuni, ili aweze kutambuliwa kwa kutazamwa tu, na utafiti huo uliendelezwa na wengine kwa miongo kadhaa. Kwa sababu ndege hawakuweza kuhama kisiwa, maisha yao yalijulikana tangu kuanguliwa hadi kufa. Kutokana na kazi hiyo ilieleweka kwa undani jinsi jani linavyogeuka kuwa kifaranga.

Timerl dezil hula wadudu wadogo, na karibu wote huwadonoa chini ya majani. Hutembea juu ya matawi, akiinua shingo na kukagua upande wa chini wa jani moja baada ya jingine. Kwa hiyo thamani ya himaya inaweza kupimwa kwa mambo mawili: wingi wa majani na wingi wa wadudu katika kila jani. Himaya za katikati ya kisiwa, zenye miti mingi iliyokingwa na upepo, zilikuwa tajiri. Zile za pwani zilikuwa maskini, hasa wakati wa kusi. Upepo huo hurusha rasharasha za maji ya chumvi juu ya miti, majani yakaungua na kupukutika, na wadudu wakaondoka nayo. Ndiyo maana vichaka vinavyostahimili chumvi ukingoni mwa bahari vina kazi kubwa kuliko vinavyoonekana. Hupokea chumvi kwanza, na miti iliyo nyuma yake hubaki na majani.

Tofauti hiyo ya chakula ilionekana hadi ndani ya familia za ndege. Katika himaya tajiri, watoto waliokua mara nyingi hawakuondoka; walibaki na wazazi wao wakisaidia kujenga kiota, kuatamia na kulisha wadogo zao. Wasaidizi hao wengi ni majike. Mahali penye chakula cha kutosha msaidizi ni faida. Mahali penye uhaba ni mdomo wa ziada. Mwaka 1997 Komdeur na wenzake walichapisha matokeo yaliyoushangaza ulimwengu wa sayansi. Jozi zisizo na wasaidizi zilizoishi katika himaya maskini zilizaa madume kwa asilimia 77, na zile za himaya tajiri zilizaa madume kwa asilimia 13 tu. Jozi zilizotolewa katika himaya maskini na kupelekwa kwenye himaya tajiri ziligeuka zikaanza kuzaa majike. Jinsia ya kifaranga, basi, ilihusiana na wingi wa wadudu katika miti iliyozunguka kiota chake.

Mti wenye faida na hasara

Mapou ulirudisha pia ndege wengine. Buabua wadogo weusi wanaoitwa kordonnyen hupenda kujenga viota katika matawi yake, tena kwa kutumia majani yake yaliyoanguka. Chini ya miti, ndege wa baharini wengine huchimba mashimo ya kutagia. Kinyesi cha ndege hao hurutubisha udongo, na samaki wanaodondoshwa nao huliwa na mijusi na wadudu wa ardhini.

Kutokana na mnyororo huo Cousin kikaweza kumpokea ndege mwingine aliyekuwa ukingoni mwa kutoweka. Pi santez, ndege mweusi mwenye baka jeupe katika kila bawa, alikuwa amebaki katika kisiwa cha Frégate peke yake, na katika miaka ya 1960 idadi yake ilishuka hadi chini ya 20. Pi santez hutafuta chakula ardhini, akipekua majani makavu na kuokota wadudu, mijusi midogo na samaki walioangushwa na buabua. Kwa hiyo anataka msitu wenye kivuli juu na nafasi ya kutembea chini. Mwaka 1994 baadhi yao walihamishiwa Cousin, wakakuta sakafu ya msitu wa mapou ikiwa tayari kuwalisha.

Hata hivyo mapou si mti usio na madhara. Mbegu zake hutoa utomvu wenye kunata kama gundi. Ndege akipita katika vishada vya mbegu hubeba chache manyoyani, na hivyo mti husambaa kutoka kisiwa hadi kisiwa. Lakini buabua mwenye bahati mbaya hunaswa na vishada vizima, mabawa yakafungika, akaanguka na kufa. Hili hutokea kila msimu wa mbegu. Walinzi wa kisiwa wanalijua, na mti umeachwa kwa sababu idadi ya ndege wanaopata makao na chakula kwake ni kubwa kupita wanaokufa.

Kuhamia visiwa vingine

Kisiwa kilipojaa, hatari nyingine ilibaki. Ndege wote wa aina moja walikuwa mahali pamoja, na moto, ugonjwa au meli moja yenye panya ingetosha kuwamaliza. Mwaka 1988 ndege 29 walikamatwa Cousin na kupelekwa Aride, kisiwa ambacho Christopher Cadbury alikuwa amekinunua mwaka 1973 kwa ajili ya hifadhi. Huko pia minazi ilikuwa imepunguzwa na miti ya asili kuachwa ikue. Mwaka 1990 ndege wengine 29 walipelekwa Cousine.

Aride ilikuwa na wadudu wengi na haikuwa na timerl dezil hata mmoja. Ndege waliofika walizaa mwaka mzima badala ya msimu mmoja, na baada ya miaka michache walikuwa wengi kuliko wale wa Cousin. Mwanzoni vijana wote waliondoka kwa wazazi wao na kushika himaya mpya. Himaya bora zilipokwisha, baadhi yao wakaanza kubaki nyumbani na kusaidia, kama ilivyo Cousin. Huko Cousin kwenyewe, nafasi za ndege waliohamishwa zilijazwa kwa muda mfupi na wengine waliokuwa wakisubiri.

Uhamisho wa ndege 58 kwenda kisiwa cha Denis mwaka 2004 na wa ndege 59 kwenda Frégate mwaka 2011 ulifuata utaratibu uleule: kwanza wanyama waharibifu waondolewe, kisha minazi ipungue na miti ya majani mapana iongezeke, ndipo ndege waletwe. Mwaka 2008 Denis ilipokea pia ndege 23 wa aina ya vev kutoka kisiwa cha La Digue. Dume la vev ni jeusi lote na lina mkia mrefu, na makao anayoyapenda ndege huyo ni mitondoo na mikungu iliyokua karibu na maeneo ya majimaji. La Digue miti hiyo ilipungua kwa kukatwa ili kupata viwanja, na mitondoo ikashambuliwa na ugonjwa wa kunyausha. Bila miti hiyo Denis, uhamisho wake usingekuwa na maana.

Ndege wanaotaka uwazi

Msitu si jibu kwa kila ndege, na Shelisheli yenyewe inatoa ushahidi. Bird Island, kisiwa cha mchanga wa matumbawe kilicho kaskazini kabisa, kilikuwa na kundi kubwa la buabua weusi kwa weupe wanaotaga ardhini. Mayai yao ni chakula kinachopendwa sana Shelisheli na yaliokotwa kwa wingi. Lakini mnazi nao ulikuwa ukiwafukuza. Buabua hao hutaga kwa maelfu wakiwa wamekaribiana, juu ya mchanga au majani mafupi, na wanahitaji kuona anga na kuruka bila kizuizi. Shamba la minazi lilipotanda, uwanja wao ukafungwa. Mwaka 1955 zilibaki jozi zipatazo 18,000.

Kisiwa kilipopata mmiliki mpya katika miaka ya 1960, minazi ilifyekwa katika eneo la kutagia na mimea ikawa inakatwa fupi kabla ya ndege kurudi kila mwaka. Uokotaji wa mayai nao uliwekewa mipaka. Kundi likaongezeka hadi jozi laki kadhaa. Huku Cousin ikiondoa minazi ili kupata dari ya majani, Bird Island iliiondoa ili kupata uwanja usio na mti, na kila upande ulifanikiwa kwa sababu ulijua ndege wake analala wapi, anakula nini na anataga wapi.

Hali ya sasa

Tangu mwaka 1998 Cousin inasimamiwa na Nature Seychelles, taasisi ya Shelisheli yenyewe, na sehemu ya gharama hutokana na watalii wanaoruhusiwa kutembea kisiwani kwa saa chache wakiongozwa na walinzi. Mwaka 2015 timerl dezil aliondolewa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani na kuwekwa katika daraja la walio karibu kuingia hatarini. Kwa ndege aliyebakiwa na wenzake 25 tu, ni mafanikio adimu katika historia ya uhifadhi.

Kazi ya mimea haijakoma. Nazi huelea baharini na kufika ufuoni zikiwa hai, mimea ya kigeni huingia kwa njia ya ndege na vyombo, na upepo wa kusi unaendelea kuunguza majani ya pwani. Hifadhi ndogo iliyowahi kuwa shamba haiwezi kuachwa ijiendeshe, kwa maana mimea iliyopandwa kwa ajili ya mbata ingerudi kushika ardhi. Walinzi wa Cousin kwa hiyo wanaendelea kukagua tambarare, kung'oa miche ya minazi inapochipua, kutunza ukingo wa vichaka unaozuia chumvi, na kuhesabu ndege, ili mabadiliko ya msitu yajulikane mapema kabla hayajapunguza idadi yao.